Mikebe Kumi na Miwili Uani: Kupanga na Kuandika Uchunguzi wa Baiolojia

Haya ni maneno ya afisa wa afya ya umma kwa wanafunzi wa sekondari, walimu na wazazi wa Kaunti ya Kilifi, katika maandalizi ya maonyesho ya sayansi ya shule. Tunayachapisha kwa wananchi wote kwa sababu huenda mwanafunzi akabisha hodi kwako wiki hizi, akiomba kuweka mikebe uani.



Nimeombwa nizungumze juu ya kupanga uchunguzi wa baiolojia na kuuandika. Ningeweza kuwasomea vichwa vya ripoti mmoja baada ya mwingine, utangulizi, mbinu, matokeo, mjadala, mkanakili na kwenda zenu. Lakini hivyo mnavyo vitabuni, na walimu wenu wamevirudia hadi sauti zimekauka. Nimeona heri tuchukue uchunguzi mmoja tu, tuupange pamoja hapa, tuone unakwama wapi. Nimechagua mbu, kwa kuwa ndiye ninayemjua kikazi.

Si mbu wa malaria. Ninamzungumzia yule mweusi mwenye mistari meupe miguuni, anayeuma mchana ukiwa umekaa barazani umevaa viatu. Wataalamu humwita Aedes aegypti. Huyu hubeba homa ya dengue na chikungunya. Mlipuko wa kwanza wa dengue kurekodiwa nchini Kenya ulitokea hapa hapa pwani, Malindi na Kilifi, mwaka 1982. Chikungunya iliikumba Lamu mwaka 2004. Dengue ikarudi Mombasa mwaka 2013. Hadi leo hakuna dawa ya kuviua virusi vya dengue mwilini. Mgonjwa hutunzwa, hupewa maji ya kutosha, hutulizwa homa, na hungojewa apone. Kwa hiyo kinga iko kwa mbu mwenyewe, na mbu huyu hazaliwi kwenye vinamasi vya mbali. Huzaliwa kwenye pipa, ndoo, tairi kuukuu, jabia, kifuu cha nazi kilichotupwa kikaingia maji ya mvua. Yaani huzaliwa nyumbani kwetu.

Na kwa nini nyumba zetu zina mapipa? Kwa sababu mfereji hautoi maji kila siku, na mwenye akili huyaweka akiba. Simlaumu mtu kwa kuhifadhi maji. Nilitaka niseme hilo mapema.

Basi, mwanafunzi anakuja ofisini ananiambia, "Afisa, nataka kufanya mradi wa mbu." Hilo si swali, hilo ni jina la kitabu kizima. Namwuliza, unataka kujua nini juu ya mbu? Ananijibu, "Madhara yake." Madhara yake yamekwisha kuandikwa, atayanakili kutoka kitabuni na kuyapamba kwa rangi, basi. Swali la uchunguzi ni lile ambalo jibu lake hulijui bado, na ambalo unaweza kulijibu kwa vitu ulivyo navyo, katika siku ulizo nazo. Masharti hayo mawili ndiyo huangusha miradi mingi kabla haijaanza. Mmoja atachagua swali ambalo jibu lake analo mfukoni. Mwingine atachagua swali linalohitaji maabara ya KEMRI.

Tulichonge basi. Sisi maafisa wa afya tunawaambia watu kila siku: funikeni vyombo vya maji. Mwanafunzi anaweza kuuliza, je, kufunika kunapunguza mbu? Swali zuri kuliko lile la kwanza, lakini bado lina kasoro. Ukifunika pipa kwa mfuniko uliobana kabisa, mbu hapiti, na hakuna cha kuchunguza. Tatizo ni kwamba nyumba zetu chache zina mifuniko inayobana. Tuna kipande cha bati kilichokunjamana. Tuna ubao, tuna gunia, tuna sinia kuukuu lililowekwa juu tu. Mwanya unabaki. Sasa hapo pana swali la kweli: mfuniko usiobana, wenye mwanya, unapunguza mayai ya mbu huyu ukilinganishwa na chombo kilicho wazi?

Tazameni jinsi jibu lisivyo dhahiri. Unaweza kusema, njia imekuwa nyembamba, mbu wachache wataingia. Lakini mbu huyu hupenda kutaga mahali penye kivuli na giza, na bati lile limempa vyote viwili. Huenda mfuniko mbovu ukapunguza mayai. Huenda usibadilishe kitu. Huenda hata ukayaongeza, na hapo sisi maafisa tunaozunguka tukisema "funikeni, funikeni" bila kueleza vipi tutakuwa na la kujibu. Mtoto wa sekondari anaweza kunipa habari ninayoihitaji kazini. Ndiyo maana nimeacha meza yangu asubuhi hii.

Kutoka kwenye swali unaandika nadharia tete, yaani kauli moja inayoweza kuonekana ni kweli au si kweli: "Mikebe yenye mfuniko usiobana itakuwa na mayai machache kuliko mikebe iliyo wazi." Iandike kabla ya kuanza, uweke na tarehe. Usiibadilishe baadaye ili ifanane na ulichokiona. Nadharia tete ikianguka, mradi haujaanguka.

Sasa mpango. Njia ya kwanza inayokuja akilini ni kuzunguka kijijini, kuchungulia mapipa ya watu, na kuhesabu viluwiluwi katika yaliyofunikwa na yaliyo wazi. Inafaa kama ziara ya kufungua macho, na naiunga mkono. Lakini kwa swali letu ina mtego. Pipa lililofunikwa mara nyingi ndilo la maji ya kunywa: liko jikoni, linatekwa kila siku, linaoshwa likiisha. Pipa lililo wazi liko nje chini ya mwembe, limekaa na maji ya mvua wiki tatu. Ukikuta viluwiluwi katika la pili na si katika la kwanza, utajuaje ni mfuniko uliofanya tofauti? Huenda ni kule kutekwa, au ni mwembe, au ni umri wa maji. Mambo manne yamefungwa katika kamba moja, na wewe unadai umeivuta moja tu.

Kwa hiyo tunaacha mapipa ya watu tunatengeneza vyombo vyetu. Mikebe kumi na miwili ya ukubwa mmoja, ya lita moja hivi, ile ya mafuta ya kupikia au ya rangi, ioshwe mpaka isinuke. Yote ipakwe rangi nyeusi, nje na ndani, ikauke kabisa. Mbu huyu huvutiwa na chombo cheusi. Ndani ya kila mkebe, kuzunguka ukuta wake, weka kitambaa cheupe cha pamba kilichokatwa kwa kipimo kimoja. Mimina mililita 500 za maji kutoka ndoo moja, yaliyokaa usiku mmoja, ili kitambaa kiwe nusu majini na nusu juu ya maji.

Kwa nini kitambaa? Kwa sababu mbu huyu hatagi juu ya maji. Hutaga yai moja moja kwenye ukuta wenye unyevu, juu kidogo ya mstari wa maji. Mayai huwa meusi, madogo kama punje za baruti, na kwenye kitambaa cheupe unayaona kwa lenzi ya mkono. Mbu wa aina ya Culex hutaga mayai yaliyoshikana kama kijahazi kinachoelea, na Anopheles wa malaria hutaga juu ya maji pia. Kwa hiyo kitambaa chenyewe kinakusaidia kuchuja nani ni nani, bila darubini ya bei kubwa.

Mikebe sita itabaki wazi. Sita itafunikwa kwa kibati kilichokatwa mraba, kikiwekwa juu ya vijiwe vitatu vilivyogandishwa ukingoni ili kubaki mwanya wa sentimita moja. Sentimita moja, si "mwanya kidogo". Mwanya ndio roho ya swali letu; kila mkebe ukiwa na mwanya wake, umechunguza vitu sita tofauti na kuviita kimoja.

Tafuta nyua sita. Katika kila ua weka mikebe miwili, mmoja wazi na mmoja wenye kibati, umbali wa mita moja, chini ya kivuli kimoja, kwenye ardhi moja. Nani akae kushoto na nani kulia? Usiamue wewe. Rusha sarafu. Moyo wako unataka nadharia ishinde, na mkono husikiliza moyo: utauweka mkebe wa wazi karibu na kichaka bila kujua kuwa umefanya hivyo. Katika awamu ya pili badilisha pande.

Msione hili la sarafu kuwa mchezo wa watoto. Miaka ya mwanzo ya 1990, hapa Kilifi, watafiti wa KEMRI na wenzao walitaka kujua kama vyandarua vilivyotiwa dawa huokoa watoto. Hawakuwapa wale waliovitaka zaidi, wala wale wa karibu na barabara. Waliyagawa maeneo kwa bahati nasibu, nusu yakapata vyandarua, kisha vifo vikalinganishwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1996: katika maeneo yenye vyandarua, vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa asilimia 33. Wengine kati ya wazazi mlioketi hapa mlikuwa watoto katika vijiji hivyo. Kama vyandarua vingegawiwa kwa wenye uwezo tu, mtu yeyote angeweza kusema watoto wale walipona kwa sababu ya chakula kizuri. Kura ndiyo iliyofunga mdomo huo.

Na kabla ya hapo sana, mwaka 1668, Mwitaliano Francesco Redi alikuwa akibishana na waliosema funza huzaliwa na nyama yenyewe ikioza. Aliweka nyama katika vyombo, vingine wazi, vingine vimezibwa. Funza wakatokea katika vilivyo wazi tu. Wapinzani wanaweza kusema, umezuia hewa, ndiyo sababu. Redi akafanya tena, safari hii akifunika kwa kitambaa chepesi kinachopitisha hewa lakini si nzi. Angalieni alichofanya: alitafuta pingamizi na akalijibu kwa chombo, hakulijibu kwa maneno. Mkikaa kupanga, mmoja wenu awe mpinzani. Kazi yake iwe kuuliza, "Na kama ni kwa sababu nyingine?" Huyo rafiki anaudhi, lakini mpatieni chai.

Vile vitu mnavyoviita vigeu kwenye mtihani vimekwisha jitokeza bila sisi kuvikariri. Unachokibadilisha kwa makusudi ni mfuniko. Unachokipima ni idadi ya mayai. Unavyovishikilia visibadilike ni rangi, maji, kivuli, ukubwa, siku. Na vile usivyoweza kuvishika, mvua na upepo na mbuzi wa jirani, unaviandika kila siku.

Siku ngapi? Hapa nasimama kidogo, na wazazi wanisikilize. Yai hadi mbu anayeruka huchukua kama siku saba hadi kumi katika joto letu. Kwa hiyo mkebe unakaa siku tano, basi. Siku ya tano unaondoa kitambaa, unamwaga maji mchangani penye jua, wala si mtaroni, na unausugua mkebe kwa brashi. Ukikawia kwa sababu ya mechi ya mpira au mazishi, siku ya kumi hufanyi uchunguzi tena, umefuga mbu katika ua wa mtu aliyekuamini. Kama hamwezi kuhakikisha kuna mtu wa kumwaga siku ya tano, msianze. Na vitambaa vikishahesabiwa vichomwe, au vichemshwe. Mayai haya hukauka yakaishi miezi kadhaa, kisha yakiguswa na maji huanguliwa. Kitambaa ulichokihifadhi kabatini kama kumbukumbu ni mbegu.

Fanyeni awamu mbili za siku tano. Awamu moja huenda ikaangukia wiki ya upepo.

Sasa ruhusa. Ua ni wa mtu. Mwanafunzi anabisha hodi, anangoja akaribishwe, anajieleza: jina lake, shule yake, mwalimu wake, anataka kuweka nini, kwa siku ngapi, na atakuja kuondoa lini. Kama nyumbani kuna watoto tu, rudi wakati mwingine. Mwenye nyumba akikataa, ahsante, kwaheri, usimwulize sababu. Akikubali leo na kesho akakwambia ondoa, unaondoa, hata kama ndiyo siku ya nne na roho inakuuma. Ukiona viluwiluwi katika pipa lake mwenyewe, mwite umwonyeshe kwa heshima, kama unavyomwonyesha mama yako. "Shikamoo bibi, tazama hawa wanaochezacheza majini." Hukuja kumkagua.

Najua linalowatia watu hofu, na nimesikia likisemwa huko mtaani: watoto wa shule wanatumwa na afya kuhesabu mbu, kesho afisa anakuja na notisi. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, kweli inatupa uwezo wa kumtaka mtu aondoe mazalio ya mbu. Sikatai. Lakini nawaambia wazi mbele ya mzee wa mtaa na mwalimu mkuu: sitatumia daftari la mwanafunzi kumwandikia mtu notisi. Na ili nisiweze hata nikitaka, daftari lisiwe na majina. Andikeni Ua A, Ua B, hadi Ua F. Karatasi inayoonyesha Ua A ni kwa nani ibaki kwa mwalimu, na mradi ukiisha ichanwe. Mkinikaribisha kuhukumu maonyesho nikakuta jina la mwenye nyumba ukutani, nitapunguza alama, hata kama grafu ni nzuri.

Daftari. Liwe moja, lenye kurasa zilizoshonwa, liandikwe kwa kalamu ya wino. Unahesabu mayai, unaandika hapo hapo, tarehe na saa, si kwenye kiganja wala karatasi ya mandazi ili unakili jioni. Ukikosea namba, piga mstari mmoja juu yake ili bado isomeke, andika sahihi pembeni. Watu wawili wahesabu kila kitambaa bila kuambiana, kisha walinganishe. Namba zikitofautiana sana, mhesabu tena. Daftari zuri huwa chafu kidogo, lina tone la maji, lina maneno kama "kuku kaangusha kibati Ua C, tumerudisha saa kumi na mbili". Kuku huyo ni sehemu ya matokeo.

Tufike kwenye matokeo, na hapa ndipo pana majaribu. Nimebuni namba za mfano ili tujadiliane. Msizinakili, sikuzipima popote. Tuseme awamu ya kwanza mikebe iliyo wazi, kuanzia Ua A hadi F, ilikuwa na mayai 14, 22, 9, 31, 0 na 20. Jumla 96, wastani 16. Yenye kibati: 10, 25, 4, 12, 0 na 9. Jumla 60, wastani 10. Mwanafunzi mwenye haraka anaandika, "Kibati kilipunguza mayai kutoka 16 hadi 10, nadharia imethibitishwa," na anaanza kupaka rangi kwenye bango.

Tulia. Mikebe yako ilikaa wawili wawili, kwa hiyo linganisha ua kwa ua. Tofauti ni 4, kisha kibati kilizidi kwa 3, kisha 5, 19, sufuri, na 11. Katika nyua nne kibati kilikuwa na mayai machache, katika ua mmoja yalikuwa mengi zaidi, na katika ua mmoja hakukuwa na mayai kabisa. Wastani wa tofauti ni 6, lakini Ua D peke yake umechangia 19 kati ya 36. Uuondoe kwa muda ili uone, na wastani wa tofauti unashuka hadi 3.4. Kwa hiyo unalo jambo, lakini linachechemea. Hiyo ndiyo sentensi ya kweli, na unaweza kuiandika: mayai yalielekea kuwa machache penye kibati, lakini tofauti ilitegemea sana ua mmoja, na nyua sita ni chache.

Ua E wenye sufuri mbili, je? Hapo ndipo mkono huwasha. Mtu atasema, tuufute, unaharibu grafu. Mwingine, na huyu nimemsikia, atasema tuweke 12 na 7, nani atajua? Kwanza, sufuri ni matokeo. Huenda ua ule hauna mbu hawa, na hiyo ni habari njema ya kuuliza kwa nini. Huenda mtu alimwaga maji akayarudisha. Basi angalia daftari. Kama kuna sababu iliyoandikwa ya kuitoa, itoe na useme umeitoa na kwa nini. Kama hakuna, inabaki. Pili, yupo atakayejua. Msimamizi wa maonyesho hahitaji kuwa mchawi. Anauliza tu, "Siku ya tatu mlikuta nini Ua E?" Aliyekuwepo hujibu mara moja na mengi zaidi ya aliyoulizwa, na aliyebuni huangalia dari.

Hilo linanifikisha kwa wazazi. Ipo biashara ya kuuza miradi iliyokwisha andikwa, imechapwa, ina jalada la plastiki, na siku hizi simu nayo huandika ripoti ndefu kwa dakika moja. Mzazi anatoa pesa kwa nia njema ili mtoto asipitwe. Lakini simu haikuwahi kuchutama kwenye ua wa bibi na lenzi mkononi, haina namba, na zile inazotoa hazikutoka kwenye kitambaa chochote. Pesa hizo nunueni lenzi, rangi nyeusi na daftari. Zitabaki na chenji. Na tafadhali msiwahesabie mayai.

Kuandika sasa. Usianze na utangulizi, utakwama kwenye "tangu zamani mbu wamekuwa adui wa binadamu". Anza na mbinu, maana ulizifanya na unazikumbuka. Andika kwa wakati uliopita yale mliyoyafanya, si mliyokusudia: "Tulimimina mililita 500 katika kila mkebe." Kipimo cha mbinu iliyoandikwa vizuri ni hiki: mwanafunzi wa Ganze ambaye hajawahi kukuona aweze kuisoma na kurudia kazi ileile, kibati kwa kibati. Penye "maji kiasi" na "muda fulani" atakwama.

Kisha matokeo: jedwali lenye kila namba, ya kila mkebe, ya kila awamu, sio wastani peke yake. Grafu moja inatosha, yenye majina kwenye mihimili yote miwili. Katika sehemu hii hueleze kwa nini, unasema nini kilionekana tu. Sababu zina nyumba yake, nayo ni mjadala.

Katika mjadala unarudi kwenye nadharia tete na kusema ilisimama, ilianguka, au hatujui. "Hatujui" inakubalika ikiwa umeonyesha kwa nini. Kisha unasema mipaka. Mlihesabu mayai, si mbu wazima. Hamjui mangapi yangeanguliwa. Mwanya wenu ulikuwa sentimita moja. Hamwezi kusema lolote kuhusu gunia. Mlifanya msimu mmoja. Na kibati kinafanya kazi mbili kwa pamoja, kinaziba njia na kinatia giza, na nyinyi hamkuzitenganisha. Mtu angeweza kuongeza mkebe wa tatu, wenye kibati kilichoinuliwa sentimita kumi, kivuli kiwepo na njia iwe wazi. Msikimbilie kuufanya mwaka huu, mtalemewa. Uandikeni kwenye mapendekezo, wadogo zenu wauchukue.

Utangulizi huja baada ya hapo, mfupi, ukieleza swali lilitoka wapi na wengine wamesema nini, ukitaja kila kitabu ulichosoma. Muhtasari ndio wa mwisho kuandikwa ingawa husomwa kwanza. Kichwa kiseme kitu: "Athari ya mfuniko usiobana kwa idadi ya mayai ya Aedes katika mikebe, nyua sita" kinanitosha. "Mbu Muuaji" ni sinema.

Kazi hii ikivuka maonyesho ya shule itakwenda kaunti ndogo, kisha kaunti, na ngazi nyingine za Maonyesho ya Sayansi na Uhandisi ya Kenya. Ikiishia hapa shuleni, nileteeni nakala vilevile. Hata yenye sufuri. Hasa yenye kusema mfuniko wenye mwanya hausaidii, maana nitahitaji kubadilisha ninachowaambia watu barazani.

Wanaotaka kufanya uchunguzi huu waje na mwalimu wao katika ofisi ya afya ya umma ya wadi kabla ya kuweka mkebe wa kwanza. Tutaangalia mpango, tutamjulisha mhudumu wa afya ya jamii na mzee wa mtaa ili wenyeji wasishtuke, na tutapatana siku ya kumwaga. Wenyeji mtakaoona mikebe meusi imepitisha siku ya tano, imwageni wenyewe, kisha mumwarifu mwalimu.

Sasa maswali. Naona mkono kule nyuma umenyanyuka tangu nilipotaja vijiwe vitatu.